Mitungi Sita ya Pombe ya Ndizi
Hotuba kwa walimu wa shule za vijijini wanaoandika, juu ya maisha na kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe

Wakubwa zangu shikamooni. Walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Tuanze na deni. Katika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke anachukuliwa na wazazi wake akarudishwa kwao. Hakugombana na mumewe. Kosa lake ni kwamba hajapata mtoto, na upande wa mume umemsema mpaka maneno yakavuka boma. Myombekere, ambaye bado anampenda mkewe, anafunga safari ya ukweni kwenda kumwomba. Baba mkwe, Namwero, hamfukuzi. Anamtajia faini: lete mitungi sita ya pombe ya ndizi.

Mwandishi mwenye haraka angemaliza habari hiyo kwa sentensi moja: akapika pombe, akaipeleka, akapewa mke. Kitereza haendi hivyo. Anatupeleka migombani, anatuonyesha kazi yenyewe, nani kaitwa kusaidia, nani kaonja, nini kilisemwa wakati wa kukamua. Msomaji wa mjini anaweza kudhani mzee amepotea njia. Hajapotea. Kitabu chote kimejengwa juu ya kazi za namna hiyo, na ndiyo sababu nimekitaka kiwe mezani kwetu leo.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa ufupi. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, kisiwa kikubwa ndani ya Ziwa Victoria. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Akaingia shule ya misheni ya Kagunguli, ya mapadre tuliozoea kuwaita White Fathers, na mwaka 1909 akapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba. Huko alikaa miaka kumi. Alitoka na Kilatini, Kijerumani na Kiswahili kizuri, lakini hakutoka padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto waliowapata hawakuishi, na Kitereza hakumwacha mkewe wala hakuongeza wa pili, ingawa mila ya wakati ule ingemruhusu na watu wasingeshangaa. Ukijua hilo, riwaya ya mume na mke wasiozaa unaisoma kwa macho mengine. Alifanya kazi ya biashara Mwanza, kisha akarudi kisiwani, akawa mtu wa kalamu pale misheni: mtafsiri, mkusanyaji wa hadithi na methali, mwandishi wa habari za watawala wa Ukerewe.

Riwaya aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, akiwa na umri wa miaka 49. Ilitoka kitabu mwaka 1980. Kati ya hapo pana miaka 35, nami nitarudi kwenye hiyo miaka, maana mwalimu anayeandika akiwa mbali na mji ana la kujifunza pale kuliko penginepo pote.

Sasa turudi kwenye mitungi. Pombe ya ndizi Kanda ya Ziwa inakwenda hivi. Ndizi za pombe, ambazo si zile za kupika, hukatwa zikiwa zimekomaa bado kijani. Huchimbwa shimo, likapashwa moto, majivu yakatolewa, likatandikwa majani ya mgomba. Mikungu hupangwa ndani, ikafunikwa majani tena na udongo juu. Huko hukaa siku tatu mpaka sita, kutegemea joto. Zikiiva humenywa, zikatiwa katika gogo lililochongwa kama mtumbwi, zikachanganywa na nyasi kavu safi, watu wakazikanyaga kwa miguu au kuzisukasuka kwa mikono mpaka juisi ijitenge na makapi. Juisi huchujwa, ikaongezwa maji kiasi. Mtama hukaangwa, ukasagwa, ukamwagwa ndani. Chombo hufunikwa majani ya mgomba, kikaachwa usiku mmoja, wakati mwingine siku mbili, mpaka povu lipande.

Tazama sasa mahali inapoweza kuharibika. Ndizi zikitolewa shimoni kabla ya siku zake, wanga haujageuka sukari. Utakanyaga mpaka jioni na kitakachotoka ni utelezi. Zikizidi kuiva zinakuwa uji, nyasi hazikamati kitu, juisi inatoka na tope. Maji yakizidi, sukari inakuwa nyepesi na pombe haina nguvu. Mtama usipokaangwa sawasawa unaacha ladha mbichi. Na ikiachwa siku nyingi baada ya kuwa tayari, inageuka siki.

Mwandishi wa riwaya anafaidika vipi na haya? Hili la mwisho ndilo kubwa. Pombe haingoji. Mtu mwenye deni la pombe lazima apange siku ya ukweni kabla hajafukia ndizi, na akishafukia hawezi kuahirisha. Jamaa akiugua, mvua ikinyesha njiani, mtumbwi wa kukamulia ukiwa umeazimwa, yote hayo yanakuwa hofu ndani ya hadithi bila mwandishi kulazimika kubuni adui. Halafu fanyeni hesabu. Tuchukue mtungi mdogo tu, wa lita 20. Sita ni lita 120. Mkungu mmoja hautoshi mtungi mmoja, hata ukiwa mkubwa. Kwa hiyo mtu wa migomba michache atakwenda kwa majirani. Na mitungi sita ni vichwa sita vya kuibeba. Namwero alipotaja ile sita, alikuwa anauliza swali ambalo halikutamkwa: je, wewe una watu? Mume asiye na majirani wa kumsaidia hafiki ukweni na mitungi sita hata kama ana fedha. Ukiijua kazi, unaona kwamba faini ile ilichaguliwa kwa akili sana. Usipoijua, sita ni namba tu.

Kitereza alieleza mwenyewe kwamba alitaka lugha na desturi za Wakerewe zisipotee mikononi mwa vijana. Watu wengi wenye nia hiyo huandika orodha: mila za ndoa, mila za mazishi, vyakula, mavazi. Orodha za namna hiyo zimejaa makabati ya misheni na wilaya, na hazisomwi. Yeye alichukua watu wawili wenye shida moja, akawaacha waitafute dawa, na kila hatua ya kutafuta ikadai kazi fulani ya mikono. Mganga Kibuguma anapoingia kumtibu Bugonoka, dawa ina mti wake na utaratibu wake, na mgonjwa ana masharti yake. Mtoto anapozaliwa hatimaye, anapewa jina la Ntulanalwo, yaani ninaishi nacho siku zote, na kinachosemwa hapo ni kifo. Binti anayefuata ni Bulihwali, jina ambalo ni swali: huzuni itaisha lini? Wazazi waliokwisha kulia hawampi mtoto jina la furaha mapema. Hapo mila imeingia katika kisa na wala hukuhubiriwa.

Sitawadanganya, kuna sehemu zinachosha. Salamu zinaandikwa kamili, za kwenda na kurudi, na mgeni akifika anasalimiwa na kila mtu nyumbani. Mhariri mkali angepunguza. Mimi ningemwachia salamu na kumwomba apunguze baadhi ya mawaidha katika sehemu ya pili, maana salamu zinaonyesha nani ana cheo gani mbele ya nani, na mawaidha msomaji angeyapata mwenyewe.

Tuje kwenye ile miaka 35. Kilichokwamisha kitabu ni vitu viwili, lugha na mikono.

Lugha kwanza. Kikerewe kinazungumzwa na watu wa visiwani na pembezoni mwake. Mchapishaji wa mwaka 1945 aliangalia idadi ya wasomaji, akaangalia unene wa muswada, akaona gharama hairudi. Baada ya Uhuru jibu lilizidi kuwa gumu, kwa kuwa taifa liliweka nguvu zake kwenye Kiswahili, na vitabu vya lugha za makabila havikuwa na mlango. Lakini kama Kitereza angeanza na Kiswahili, nadhani tungepata kitabu chembamba zaidi. Maneno ya kazi zile alikuwa nayo kwa Kikerewe. Aliandika kwanza mahali maneno yalipo.

Mikono sasa. Padre Almas Simard, Mkanada, aliupenda muswada na akahangaika nao. Alianza hata kuutia katika Kifaransa. Akafariki kazi haijakamilika. Hapo muswada mnene wa mwandishi wa kisiwani ukabaki unategemea bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, kutafiti historia ya kisiwa. Wakamkuta mzee, wakauona muswada, wakaanza kuutafutia mlango. Njia iliyobaki ilikuwa moja: Kiswahili. Kitereza, mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye maumivu ya viungo, akakaa akaitafsiri riwaya yake mwenyewe kutoka ukurasa wa kwanza. Tanzania Publishing House ikakitoa katika juzuu mbili. Nakala zilipigwa chapa China, zikaja kwa meli. Mzee alifariki mwaka 1981, hazijamfikia.

Baadaye milango ilifunguka. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani, sehemu ya kwanza mwaka 1991 na ya pili mwaka 1993. Kifaransa kilifuata mwaka 1996. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wakatoa Kiingereza cha Gabriel Ruhumbika, naye ni mzaliwa wa Ukerewe, akafanya kazi kutoka Kikerewe chenyewe bila kupitia Kiswahili. Kiingereza hicho kina zaidi ya kurasa 600. Unene uliowatisha wachapishaji haukupungua, na kitabu kimesafiri hivyo hivyo.

Basi mwalimu aliyeko kijijini, mwenye vipindi 25 kwa wiki na taa ya sola, afanyeje?

Chagua kazi moja. Usichague kabila zima. Chagua kushona wavu, kuchonga kasia, kukausha dagaa, kuezeka, kupika pombe, kutoa mwiba kwenye mguu wa ng'ombe, kitu chochote chenye mwanzo na mwisho. Mtafute mtu anayeifanya mpaka leo, si anayeikumbuka tu. Anayekumbuka atakupa sifa za kazi. Anayefanya atakupa kazi. Kaa naye inapofanyika. Swali lako kuu liwe moja: baada ya hapo? Ukiuliza "kwa nini" mapema, watu wengi hukupa jibu la heshima, kwamba ndivyo wazee walivyofanya. Uliza badala yake: usipofanya hivyo inakuwaje? Hapo ndipo sababu inapotoka, kwa sababu kila fundi anayakumbuka makosa yake vizuri.

Vipimo viandike kwanza kama alivyovitaja yeye. Kama amesema pishi, andika pishi. Kama amesema mkono, debe, kitanga, siku mbili za jua kali, andika hivyo. Kisha upande wa pili wa ukurasa pima mwenyewe kwa kilo, lita na sentimita. Vyote viwili vitakufaa. Mwandishi anayebadilisha papo hapo hujikuta na debe la "lita 20" ambalo fundi hulijaza mpaka shingoni tu, yaani lita 18.

Maneno yawe katika safu tatu kwenye daftari la mistari: neno la lugha ya nyumbani, maelezo yake kwa sentensi, na neno la Kiswahili kama lipo. Safu ya tatu iacheni tupu pale neno halipo, msilazimishe. Kosa linalotokea sana katika miswada ya walimu ni kutia neno la pwani mahali pa kitu cha bara kwa kuwa linaonekana sanifu zaidi. Omufumu wa Wakerewe ukimwita daktari umempoteza. Ukimwita mganga umekaribia, lakini bado unatakiwa kuonyesha anafanya nini, maana kazi yake ni kuagua kabla ya kutibu. Neno geni likitokea mara ya kwanza, lielezwe na sentensi yenyewe, mtu akilitumia kwa mikono yake. Mara ya pili liache litembee lenyewe. Mabano ni dalili kwamba sentensi imeshindwa.

Ukimaliza rasimu, msomee yule fundi. Usimpe asome, msomee, kwa lugha yake ikiwezekana. Atakatiza. Kila anapokatiza weka alama pembeni na uendelee, usibishane naye. Sehemu ambayo amekaa kimya sana nayo iwekee alama: ama umeandika vizuri, ama ameacha kusikiliza.

Kuhusu nakala, nasema kwa ukali kidogo. Muswada mmoja ni sawa na hakuna muswada. Enzi za taipureta walau ilikuwepo karatasi ya kaboni, ingawa nakala ya nne ilikuwa imefifia. Leo mwalimu ana simu, na bado anaweka daftari moja juu ya kabati kwenye mchwa. Andika namba kwenye kila ukurasa kabla ya kupiga picha, maana picha zikichanganyika bila namba hutazipanga tena. Piga mchana, karibu na mlango, kivuli cha mkono wako kisiangukie maandishi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama faili la dokumenti, usitume kama picha ya kawaida, kwa sababu programu huibana picha na wino hafifu hupotea. Nakala moja ikae kwenye barua pepe yako, moja kwa mtu anayeishi nyumba nyingine, na daftari lenyewe kwenye mfuko wa plastiki mkavu. Na mtu akiazima muswada, awe padre, mtafiti au ndugu yako wa tumbo moja, mpe nakala. Muswada wenyewe ubaki nyumbani.

Upande wa uchapishaji nitapita haraka. Namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Masuala ya hakimiliki yana ofisi yake ya serikali. Ipo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Someni masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, hasa urefu wa muswada na tarehe ya mwisho.

Mmoja wenu ameniandikia kikaratasi hapa: kitabu kinene hivi kitafundishwaje kwa kidato cha pili? Kisifundishwe chote. Chukueni sehemu ya safari ya Myombekere kwenda ukweni na deni la mitungi. Kipindi cha kwanza wanafunzi wasome wakitafuta jambo moja tu: hatua za kazi. Waziandike kwa mpangilio, kila hatua na kifaa chake na muda wake. Kipindi cha pili wachukue orodha hiyo na kuuliza, kila hatua inahitaji watu wangapi, na Myombekere anawapata wapi? Hapo ndipo wanapouona undugu na ujirani, na hawahitaji kukariri neno "dhamira" ili wauone. Majina ya Kikerewe yatawakwaza mwanzoni. Yaandike ubaoni, yasomwe kwa sauti mara tatu silabi kwa silabi, Bu-li-hwa-li, na maana yake isemwe siku hiyo hiyo; jina lenye maana halisahauliki. Kipindi cha tatu waende nyumbani, kila mmoja alete kazi moja ya kwao katika hatua zisizopungua nane, na mahali pawili inapoweza kuharibika. Ukiwaambia "andika insha kuhusu mila zetu" utapata sentensi zile zile 40 kutoka kwa watoto 40. Ukiwaambia pawili inapoharibika, hakuna atakayenakili kwa mwenzake, kwa sababu bibi wa huyu na bibi wa yule hawakuharibu kitu kimoja.

Madaftari ya safu tatu yako kwenye meza ile ya nyuma, pamoja na rula kwa wanaopenda kupiga mistari wenyewe. Kila shule ichukue mawili.